Bila Mimi, Wamemfanya Nyangweso Mpishi wa Jeshi

Mpendwa Shangazi Ndindi,

Pokea salamu zangu kutoka hapa Makongeni, na unisamehe mwandiko, shule mimi niliachia darasa la nne, lakini jambo lililo moyoni mwangu nalijua vizuri na naomba unishike mkono kwa sababu nimekwama, na nikiwaambia akina mama wenzangu wa kanisa najua watacheka kwanza ndipo waniombee.

Mimi ni mjane. Mume wangu alikuwa mtu wa reli, na alipoondoka aliniachia binti mmoja, Jacklyne, na meza moja kubwa ya mbao ambayo rafiki zake wa karakana walimtengenezea, meza ambayo imejaza sebule mpaka ukitaka kupita unapita kwa ubavu. Jacklyne ameolewa na kijana anaitwa Ondiek, wanakaa mtaa wa Pipeline juu kabisa ghorofani, chumba ambacho ukifungua mlango unagonga kitanda, kwa hivyo walipoanza mchezo wao na marafiki zao hawakuwa na mahali, na Jacklyne akasema, mama, si tuje kwako Jumapili tukitoka kanisani, na mimi nani wa kukataa kuona mtoto wangu?

Shangazi, nikuelezee huo mchezo, maana hata mimi mwanzo nilifikiri ni mambo ya shetani nikawa napika huku naomba kwa sauti ya chini. Watu wanakaa mezani. Mmoja ndiye msimulizi, huyo ndiye Jacklyne wangu. Wale wengine kila mtu ana mtu wake aliyemtunga mwenyewe, ana jina, ana kazi, ana tabia zake. Msimulizi anasema, haya, mko sokoni na kumetokea hili na lile, halafu anakuuliza, mtu wako anafanya nini? Wewe unasema. Kama ni jambo gumu unarusha dadu, dadu ikikubali umepita, ikikataa shauri yako. Hakuna pesa wala kitu cha kushinda, ni maneno tu na dadu, na hadithi inaendelea Jumapili mpaka Jumapili, hakuna anayejua itaishia wapi, hata msimulizi mwenyewe hafai kujua. Hivyo ndivyo nilivyoambiwa.

Nilikuwa napeleka chai tu. Siku moja Mumin, huyo ni kijana mwenye duka la vitambaa na mjomba wake, mtoto wa adabu sana lakini mdomo hauna breki, akasema, "Mathe, wacha kuzunguka na birika kama askari wa doria. Keti, nawe uwe na mtu wako." Waringa, rafiki ya Jacklyne, akanivutia kiti. Nikacheka nikasema haya, wangu ni mama anaitwa Nyangweso, anauza chumvi, ana punda, anatoka soko hili anaenda soko lile, na hana mume anayemuuliza umechelewa wapi. Wakapiga makofi.

Halafu Jacklyne akaniangalia akasema, "Mama, umefika sokoni, kisima kimekauka, watu wanapigana na mitungi. Unafanya nini?"

Nikamjibu, "Nifanye nini tena? Si nimekaa hapa!" Nilifikiri ananigombeza. Shangazi, mimi nikiulizwa unafanya nini, najua nimekosea. Mama yangu aliniuliza hivyo, na mama mkwe, na yule bwana mdogo wa ofisi ya reli. Kumbe huyu anauliza ili ajue. Akauliza, akanyamaza, akangoja, na wote wakanigeukia wakangoja, na hakuna aliyeniambia jibu. Nikasema pole pole, Nyangweso anafungua gunia la chumvi anasema, anayetaka chumvi ya bure aweke mtungi chini kwanza. Nikarusha dadu, ikakubali. Mumin akaruka kwenye kiti. "Mathe amemaliza vita na chumvi!" Usicheke Shangazi, lakini wiki ile yote nilitembea kama mtu aliyeshonewa nguo mpya.

Hadithi yetu ilikuwa ya hilo soko. Tulikubaliana wote mezani, tukaulizwa mnataka hadithi ya nini, tukasema ya soko na maji, tujue nani amefunga mto huko juu. Ondiek alikuja baadaye, kazi yake ilikuwa inamshika Jumapili. Mtu wake akawa mlinzi wa mizigo. Vizuri. Kisha Jacklyne akampa upanga wa kurithi. Kisha kumbe babake alikuwa mfalme. Kisha akawa Jemadari, na kukawa na vita, na soko likachomwa Jumapili ambayo mimi nilikuwa na homa sikuketi. Nikauliza, na mto? Nani alifunga mto? Jacklyne akasema, "Tutarudi huko, mama." Hatukurudi. Waringa mtu wake ni mganga, akawa wa kufunga vidonda vya Jemadari. Mumin akawa wa kubeba bendera ya Jemadari. Mimi na punda wangu tunafuata jeshi nyuma na chumvi yetu, tunauzia nani? Nikaona, huyu kijana amechukua binti yangu, sasa amechukua na hadithi yake, na binti mwenyewe anampa tu, anampa, kama mtu anayemwaga maji.

Sasa sikiliza iliyoniua. Sisi Wajaluo, mama mkwe na mkwe wa kiume hawagusani. Hata mkono hatupeani. Ondiek akija kwangu kiti chake kiko upande wa mlango, changu upande wa jikoni, meza yote katikati yetu, na chakula chake anapelekewa na Jacklyne. Hiyo ni heshima, si chuki. Jacklyne anajua, nimemlea ndani ya hiyo heshima.

Jumapili moja, kwenye hadithi, tunavuka mto. Jacklyne anasema, "Mto umefurika. Nyangweso amekwama katikati. Jemadari anarudi, anambeba mgongoni."

Nikasema, "Nani anambeba nani?"

"Jemadari anambeba Nyangweso, mama."

"Nyangweso anakataa. Anangoja maji yapungue."

"Maji hayapungui."

"Basi anapanda mwamba."

"Mwamba unateleza."

"Anashika mkia wa punda wake, wanavuka pamoja."

Mumin akaangua kicheko. "Mathe anavukishwa na punda! Hiyo ni noma!"

Jacklyne akasema, "Punda ameenda na maji."

Shangazi, nilimwangalia binti yangu. Nikauliza, "Punda wangu amekufa lini?"

"Sasa hivi."

"Bila dadu?"

"Mama, ni mchezo tu. Jemadari ameshambeba."

Ameshambeba. Hivyo tu. Ondiek alikuwa anaangalia sakafu, akasema, "Jacky, tuache hapo, tusonge mbele," na yeye akasema, "Hapana, hadithi ni hadithi, amembeba mpaka ng'ambo, Nyangweso anakamua maji kwenye nguo zake." Mumin akaacha kucheka. Waringa akaniangalia kwa macho ya huruma, na hiyo huruma ndiyo iliniuma zaidi. Niliinuka nikaenda jikoni nikazima chai, nikasimama huko nikishika sinki mpaka wakaondoka. Jacklyne alisema kwaheri kutoka mlangoni. Ondiek hakusema kitu, na angesema nini, alikuwa ameshapata alichotaka.

Jumapili iliyofuata nilifunga mlango kwa ndani. Nilitoka kanisani mapema, nikafunga, nikakaa kitini kwangu upande wa jikoni. Wakaja. Nikawasikia kwenye ngazi, Mumin akiimba. Jacklyne akagonga. "Mama?" Akagonga tena. "Mama, uko?" Shangazi, nilikuwa nimeinuka nikasogea karibu na mlango hivi, ningenyoosha mkono ningeugusa. Sikujibu. Waringa akasema labda ameenda mkutano wa akina mama. Jacklyne akasema, "Hapana. Hataki watu. Twendeni Pipeline." Nikasikia viatu vikishuka.

Na sasa ndiyo wanacheza huko Pipeline, wamekaa kitandani na sakafuni, na mimi siwezi kwenda. Kwetu mama haingii nyumba ya mkwe wake mpaka aitwe rasmi na apokewe kwa sherehe yake, na Ondiek bado hajanipokea. Yaani nimefunga mlango wangu mwenyewe, na mlango mwingine uliobaki ni ule mmoja Nairobi nzima ambao nimekatazwa kuukanyaga. Nikimtumia Jacklyne salamu kwa Waringa, narudishiwa salamu tu. Nilimuuliza Waringa juzi, nikajifanya sijali, na Nyangweso je? Akaona haya. Akasema, "Mama, Nyangweso yuko. Jacky amemfanya mpishi wa jeshi. Anapikia Jemadari."

Shangazi, nilipika miaka yote. Sasa hata yule wa kutunga, yule ambaye nilimnyima mume makusudi, wamemkalisha jikoni nami sipo. Nimeshindwa kulala vizuri. Je, nivunje mila niende Pipeline nikamchukue mtu wangu? Au ninyamaze niwe mama mzima, niseme ni mchezo wa watoto? Nikinyamaza Jumapili yangu imekufa, na naona binti naye anaenda, kidogo kidogo, nyuma ya huyo Ondiek ambaye kila kitu lazima kiwe chake. Naomba unijibu hata kama ni kwa ukali.

Ni mimi, Mama Jacklyne, Makongeni.

*

Mama Jacklyne,

Pole. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, nikakaa nikaisoma tena. Sasa futa machozi nikugombeze, maana uliomba ukali na mimi si mtu wa kunyima.

Kwanza lile ambalo uko na haki. Usikubali mtu akuambie ni mchezo tu. Kama ni mchezo tu, mbona Jacklyne hakukuachia? Mama mmoja kukataa kubebwa kungemgharimu nini? Wanaosema ni mchezo tu mara nyingi ndio wameshika upande mzito wa kamba. Msimulizi ana mto, ana mvua, ana mwamba, na mwamba ukiteleza ni haki yake. Hata punda angeweza kumchukua, kama dadu ingerushwa na ikakataa. Miguu ya Nyangweso si yake. Siku alipokaa kitini pale alikubali kuuliza na kusikia jibu, na wewe ulimjibu mara tatu na mara tatu akaziba njia, mpaka ikabaki ile moja aliyokuwa ameichagua kabla hujafungua mdomo. Hapo hakuwa anasimulia. Alikuwa anakusukuma.

Na ile hadithi ya soko mlikubaliana wote. Kama Jacklyne alichoka nayo, angesema mezani, jamani nimechoka na maji, nataka vita, mwaonaje? Labda mngekubali, hata wewe. Kuchoma soko siku mwenye soko ana homa, hiyo si hadithi kugeuka. Hiyo ni tabia mbaya.

Sasa geuka hapa unisikie.

Umemwandika Ondiek kama mwizi. Soma barua yako mwenyewe, mama. Nani aliomba upanga? Hukuandika kwamba aliomba. Alipewa. Nani aliomba kuwa mtoto wa mfalme? Alipewa. Kijana alikuja akiwa mlinzi wa mizigo, pengine alitaka kubaki mlinzi wa mizigo, apumzike Jumapili moja baada ya kazi kumbana wiki nzima. Na siku ya mto, ni nani peke yake katika nyumba yako nzima aliyefungua mdomo akasema tuache hapo? Ni yeye. Aliangalia sakafu kwa sababu anaijua heshima uliyonieleza, na mkewe alikuwa anaivunja kwa mgongo wake. Kubebeshwa mama mkwe mbele ya rafiki zako, na ukisema hapana unaambiwa hadithi ni hadithi! Huyo kijana alinyang'anywa mtu wake saa ileile ulipopoteza wako. Tofauti ni kwamba yeye alipewa cheo, na watu wakiona cheo hawaoni kamba. Wewe umemchukia kwa wiki nyingi kwa kosa la binti yako kwa sababu kumchukia mkwe ni rahisi. Yeye hukumlea wewe.

Jambo lenyewe ni Jacklyne. Kwa nini anafanya hivyo, sijui. Naweza kukisia. Ana watu wawili anaowapenda kuliko wote, wamekaa ncha mbili za meza, hawagusani hata mkono, na amepata mahali pamoja duniani ambapo yeye ndiye anayepanga nani asimame wapi. Pengine alitaka mara moja tu akuone umebebwa na mume wake, usizame, ufike ng'ambo salama. Kama ni hivyo, nia yake haikuwa mbaya, na alichofanya kilikuwa kibaya hata hivyo. Kumpenda mtu hakukupi ruhusa ya kumwamulia aende wapi. Lakini mimi nakisia tu. Wewe una simu.

Halafu kuna ule mlango. Mama, kwa hili sikuonei huruma hata kidogo. Ungeinuka mezani ukasema, mimi nimekasirika, tokeni, ningekupigia makofi hapa ofisini. Lakini kukaa kimya ndani huku mtoto anaita jina lako? Ulilia kwamba hukuachiwa kusema, kisha ukawanyima wao neno. Wamesimama kwenye ngazi wanakisia uko mzima au umeanguka. Waringa akatunga mkutano, Jacklyne akatunga kwamba hutaki watu, na kwa kuwa hukusema kitu, huo uongo ndio ukawa ukweli. Ndiyo maana Nyangweso amekalishwa jikoni. Mtu asiyesema lake husemewa, na siku hiyo uliyeamua kutosema ni wewe.

Kwa hivyo fanya hivi. Pipeline usiende. Mila hiyo si ya kwetu, mimi natoka Murang'a, lakini naona ukiivunja kwa hasira utashinda Jumapili moja, kisha watakutajia kila harusi na kila matanga mpaka uzeeke. Na usimtume Waringa tena. Huyo msichana umemgeuza daraja, na watu wa pande mbili wanamkanyaga.

Mpigie Jacklyne wewe mwenyewe. Anza na lako lililo chafu: nilikuwa ndani mlipogonga, nilikusikia, sikufungua, nimekosa. Usiweke "lakini" baada ya hapo. Nyamaza mpaka ajibu. Kisha mwambie la pili, na useme wazi kama ulivyoniandikia mimi, kwamba hakuna aliyewahi kukuuliza na kungoja jibu isipokuwa yeye, na kwamba ndiyo maana alipoacha kungoja iliuma kuliko wengine wote. Mwambie Nyangweso hapiki. Usipokuwepo, mtu wako anakaa nje ya hadithi, amelala, ana safari, chochote, lakini hafanyi kazi ya mtu. Na kama mtacheza tena, kabla dadu haijaguswa mketi mseme hadithi ni ya nini na ya nani, na yapi hayafanyiki mezani hata kwa maneno. Mkwe kumgusa mama mkwe liwe la kwanza. Utashangaa jinsi Ondiek atakavyokubali haraka.

Akikataa? Anaweza kukataa. Ni mtu mzima, na kiti cha msimulizi kinalevya. Basi wewe ndiwe mwenye meza. Waite Waringa na Mumin, uliza kama bado wanataka kujua nani alifunga mto, na ukae kile kiti wewe. Nakuonya mapema, utaona uchungu wake. Huyo Mumin atachagua upuuzi, atavunja mpango uliopika wiki nzima, na mkono utakuwasha umkate miguu. Usimkate. Hapo ndipo utajua Jacklyne alishindwa na nini, na huenda ukamsamehe, na huenda usimsamehe.

Sikuahidi kwamba atarudi. Kuna watoto ambao ukiwaambia wamekuumiza wanakasirika kwa sababu umewaambia. Lakini mpigie leo, kabla hujaanza kujiambia haina haja. Akisema hapana, sema sawa, kata simu, ulie mpaka uishe. Kesho yake nenda sokoni kama kawaida, na watu wakikuuliza binti yako hajambo, jibu kwamba hajambo, mmekosana.

Shangazi Ndindi